Kabati la TV na risiva: la milango au la wazi? Yangu inajizima nikifunga milango

#1 Kochi la Kati
Habari wakuu. Fundi selemala ananisubiri nimpe vipimo vya kabati la sebuleni. Juu itakaa TV ya inchi 55, ndani risiva ya spika tano (ile amplifaya inayoendesha spika), king'amuzi, deki ya Blu-ray, mashine ya gemu ya watoto na ruta. Mwenzangu anataka milango ya mbao mbele, yaani mtu akiingia asione hata waya mmoja. Mimi nataka la wazi na sababu ninayo: kabati la sasa lina milango, tukiwa tunaangalia muvi huku imefungwa risiva inajizima katikati, tukifungua inatulia mpaka mwisho. Ila kuna siku milango iko wazi na bado inajizima, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Sasa mbovu ni kabati au ni risiva? Nisije nikamlipa fundi halafu ugonjwa ukahamia kabati jipya.

#2 Ohm Nane
Joto hilo, wala usizunguke. Risiva nyingi zina amplifaya ya daraja AB (aina ya saketi ya kukuza sauti), na hizo hata zikiwa nzima kabisa sehemu kubwa ya umeme zinaugeuza joto, tena ukisikiliza kwa sauti ya chini hasara ndiyo inazidi kwa uwiano. Ndani kuna kihisi, joto likipita kiwango inajikata yenyewe kabla transista hazijaungua. Soma kitabu chake utakuta wameandika iachwe nafasi juu na pembeni, nyingi zinataka kuanzia sentimita 10 mpaka 30 hapo juu. Kuifungia kwenye boksi la mbao ni kuivika blanketi. Fanya la wazi, uzi ufungwe.

#3 Besi Nzito
Uzi ufungwe wapi wakati jamaa kasema hata milango ikiwa wazi inajizima? Ohm Nane umeiruka hiyo sentensi. Mimi ningeanzia nyuma, pale waya za spika zinapoingia. Waya ukimenywa vibaya unabaki unywele mmoja wa shaba umechomoza, ukigusa kituo cha jirani risiva inaona shoti na inajikata, na haugusi muda wote, besi ikitikisa kabati ndiyo unagusa. Pia geuza spika usome ohm, yaani ukinzani wake kwa umeme. Kama ni 4 na risiva imeandikwa 6 mpaka 16 basi inavuta ampea nyingi kuliko ilivyopangiwa, ukipandisha sauti tu inakata.

#4 Mama Rimoti
Wote mnaiangalia risiva, hakuna anayeiangalia TV. Mnajua kitu kinaitwa CEC kwenye HDMI, ule waya wa picha na sauti? Ndiyo ile ukizima TV na risiva inazima. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync, majina tofauti kazi moja. Sasa king'amuzi au gemu ikiingia stendbai yenyewe inaweza kutuma amri kwenye waya uleule na risiva ikalala bila wewe kugusa kitu. Kwangu ilikuwa hivyohivyo, gemu ikiachwa inalala na kuilaza risiva, nilizima CEC kwenye setingi ikaisha. Jaribu uishi nayo hivyo kidogo uone.

#5 Tundu la Panya
Naweka kambi hapa, na mimi kabati langu linaunguruma.

#6 Ohm Nane
Mama Rimoti, CEC haijui kama mlango umefungwa au umefunguliwa. Hiyo ni fizikia sio setingi.
Kochi la Kati, ikijizima ile taa ya mbele inapepesa au inawaka tu imetulia? Kwa nyingi kupepesa ni kujilinda, iwe joto iwe shoti, ikitulia maana yake imepokea amri ya kuzima.

#7 Kochi la Kati
Taa yenyewe iko nyuma ya mlango, mkuu. Mpaka tufungue, nyumba nzima imeshabonyeza rimoti zote. Nitaiwekea mtego.

#8 Randa Kavu
Wa umeme mtabishana mpaka kesho, acheni niseme ya mbao maana kuna fundi anasubiri.

Inchi 55 inapimwa kona kwa kona. Upana wa kioo chenyewe ni kama sentimita 122, kwenda juu kama 69. Lakini usikimbilie kukata ubao wa 122, angalia miguu ya TV kwanza, kuna zenye miguu pembeni kabisa na kuna za mguu mmoja katikati. Mimi napenda kabati liizidi TV kila upande, 150 inakaa vizuri. Kwenda juu: kaa kwenye kochi kama unavyokaa siku zote, mtu apime kutoka sakafuni mpaka machoni pako, wengi inaangukia 100 mpaka 110, hapo ndipo katikati ya TV inatakiwa iwe. Ukitoa nusu ya TV na miguu yake unabaki na kabati la 60 hivi. Watu wanatengeneza la 90 halafu wanalalamika shingo.

Sasa kina, na hapa ndipo makabati mengi yanapoharibika. Enzi za TV za mgongo kabati lilikuwa na kina cha kutosha hakuna aliyeuliza. TV zikawa nyembamba, makabati nayo yakakondeshwa mpaka 40, ila risiva haikukonda, bado yenyewe ina 35 mpaka 40, mbele kuna vinobu na nyuma kuna plagi za HDMI, na ule waya mnene haukubali kupinda papo hapo unataka sentimita 7 mpaka 10 kabla haujala kona. Kwa hiyo kina cha ndani 50 na usikubali pungufu. Kama chumba hakiruhusu basi toa kabisa ubao wa nyuma pale itakapokaa risiva, lakini fundi akaze pembe kwa mbao nyingine maana ule ubao wa nyuma unaouona mwembamba ndio unaozuia kabati lisiyumbe.

Shelfu: chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogundishwa) ya milimita 18 ukiilaza mita moja na nusu bila nguzo, juu yake risiva ya kilo 10, itapinda tu, polepole bila wewe kuona. Gawanya mara tatu kwa mbao za kusimama. Na unene ukizidisha mara mbili ugumu unapanda mara nane, ndiyo maana kamba ya mbao ukiigundisha kwa kusimama chini ya ukingo wa mbele inasaidia kuliko unavyodhani. Kama unaweza plaiwudi, weka plaiwudi kwenye shelfu, chipubodi iache pembeni. Na kabati lote liinuke kwenye miguu, chipubodi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) zikigusana na maji ya kudekia zinavimba na hazirudi.

#9 Besi Nzito
Randa Kavu leo kaamka na futi kamba mkononi. Hapo kwenye kutoa ubao wa nyuma nakuunga mkono.

#10 Mzee wa Santuri
Vijana mnaongea kama kabati la muziki limeanza na HDMI. Radiogramu ilikuwa kabati moja, redio ya valvu, kinanda cha santuri na spika ndani ya sanduku hilohilo, mbele mbao imepigwa vanishi mpaka unajiona. Izungushe sasa uangalie mgongo: ubao mwembamba uliotobolewa matundu tele. Valvu, zile chupa za kioo zilizotangulia transista, ina uzi wa kupashia moto ndani yake, bila joto haifanyi kazi, kwa hiyo waliotengeneza walijua litoke wapi. Na kinanda kilikalia springi au mpira ili mtikisiko wa spika usirudi kwenye sindano. Hili la kuficha halijaanza na mwenzako, walificha mbele wakaacha mgongo upumue.
Halafu kama una santuri, ganda la LP ni sentimita 31 na kidogo kila upande, acha nafasi ya 33 au 34, zisimame wima zisilazwe. Na shelfu la mita moja likijaa LP linabeba zaidi ya kilo 50, mwambie fundi.

#11 Tundu la Panya
Mzee nani ana santuri siku hizi.

#12 Mzee wa Santuri
Mimi. Ndiyo maana nimeandika.

#13 Nyuzi Arobaini
Milango ya mbao inawezekana kabisa, mnamtisha jamaa bure. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo unatoboa tundu refu chini, kwenye sakafu ya kabati au ubao wa chini mbele, na lingine juu nyuma. Hewa baridi inaingia chini inapita kwenye risiva inatokea juu. Matundu yote mawili yakiwa juu au yote chini umefanya kazi bure. Halafu ongeza feni ya kompyuta ya milimita 120 pale juu nyuma ikinyonya kutoa nje. Hizo feni ni za volti 12, ukizilisha 5 za USB kutoka kwenye TV zinazunguka taratibu na husikii chochote. Sio zote zinazoweza kuanza kwa volti 5, zijaribu mezani kwanza. USB ya TV kwa nyingi inawaka na TV na kuzima na TV kwa hiyo huhitaji swichi.

#14 Mlango Kimya
Feni ya kunyonya nje inavuta vumbi kwenye kila ufa wa kabati. Geuza iingize ndani, weka kichujio mbele yake, hewa itatokea kwenye nyufa yenyewe na vumbi halipati njia. Mimi nimefanya hivyo na juu ya risiva pako safi.

#15 Nyuzi Arobaini
Na hicho kichujio unakisafisha lini? Kikiziba umebaki na kabati lililofungwa lenye feni ya mapambo.

#16 Mlango Kimya
Nakisafisha kila ninaposafisha sebule, wewe vumbi lako unalisafisha lini?

#17 Ohm Nane
Tulieni. Kwa vyovyote risiva yenyewe iwe shelfu la juu kabisa, joto lake lisipite kwenye king'amuzi na gemu. Kapasita za ndani, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zina kanuni ya mafundi wote, kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka umri unapungua nusu. Unachokipika juu ya risiva leo ndicho utakachopeleka kwa fundi kesho.

#18 Besi Nzito
Na kilo 10 zikae juu kabati liwe na kichwa kizito? Mtoto akining'inia mlangoni linakuja nalo. Kizito chini siku zote.

#19 Randa Kavu
Kabati la urefu wa 60 na kina cha 50 halianguki kwa risiva, linaloanguka ni TV. Vyovyote mtakavyopanga TV ifungwe mkanda ukutani na kabati lishikwe skrubu kwenye ukuta imara. Hiyo haina mjadala kama kuna mtoto.

#20 Mama Rimoti
Mmesahau jina langu. Milango ya mbao inazuia rimoti! Rimoti ya infraredi ni mwanga, hauonekani ila ni mwanga, unapepesa karibu mara 38,000 kwa sekunde na mbao haiupitishi. Kioo kinapitisha, hata kile cheusi kidogo mara nyingi, isipokuwa kile chenye rangi ya kung'aa kama metali. Mkitaka kuficha na rimoti ifanye kazi badala ya ubao katikati ya mlango wekeni kitambaa cha spika. Infraredi inapita, hewa inapita, na spika ya kati ikiwa nyuma yake sauti inapita. Mwenzako haoni waya, wewe huna joto.

#21 Mlango Kimya
Mbona yangu inapita kwenye mbao vizuri tu.

#22 Mama Rimoti
Ya nini? Kama ni ya gemu au ya kisanduku kipya hiyo ni Bluetooth, ni redio sio mwanga, mbao haiisumbui. Itakayokusumbua ni kabati la chuma. Chukua rimoti ya king'amuzi ufanye hivyo halafu urudi hapa. Na kuijua ni rahisi, fungua kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye lenzi bonyeza, ukiona taa inamulika kwa zambarau ni infraredi. Kamera za nyuma za simu nyingine zina kichujio, tumia ya mbele.

#23 Mlango Kimya
Nimejaribu. Ya king'amuzi haipiti. Asante.

#24 Paka wa Sebuleni
Kabla hujafanya la wazi jiulize kama una paka. Wangu alihamia juu ya risiva siku ya kwanza maana kuna joto, analala ameziba matundu yote ya juu halafu ananiangalia mimi kama mimi ndiye nimemkosea. Niliifungua risiva nikakuta manyoya yametanda juu ya mabapa ya kupozea mpaka yanaonekana kama kitambaa. Nilichofanya ni kuweka waya wa wavu mbele, sio mlango. Haupendezi sana ila risiva inapumua na paka kahamia kwenye ruta.

#25 Besi Nzito
😂😂 paka kahamia kwenye ruta

#26 Nyuzi Arobaini
Afadhali na ruta iko nje. Kuna watu wanaifungia humohumo nyuma ya TV ya inchi 55 yenye bamba la chuma mgongoni halafu wanalaumu mtandao. Kochi la Kati ruta isiingie kabatini, weka juu mahali pa wazi.

#27 Mzee wa Santuri
Hakuna aliyegusa sauti na uzi ni wa muziki. Spika ya kati ukiisukuma ndani kabisa ya shelfu maneno yanakuwa mazito, watu wanaongea kama wako pangoni. Ilete mpaka ukingo wa mbele, hata izidi kidogo, ubao usiwe na sehemu ya kurudishia sauti. Yenye tundu la besi nyuma usiiingize kwenye boksi kabisa. Na hizi spika ndefu za chini ya TV zinazorusha sauti kwenye dari, ukiiweka ndani ya kabati dari yake ni ubao wa juu.

#28 Tundu la Panya
Na sabufa ndani ya kabati je? Yangu imo humo.

#29 Besi Nzito
Ndiyo panya wako huyo anayeunguruma.

#30 Kochi la Kati
Nimerudi wakuu. Nimeacha milango wazi kwa makusudi, nimekaa naangalia taa kuliko muvi. Ikajizima. Haikupepesa, ilitulia, na king'amuzi nacho nikakikuta kiko stendbai wakati hakuna aliyekuwa anakitumia.

#31 Mama Rimoti
Sisemi kitu. Namba 4 iko palepale.

#32 Ohm Nane
Hiyo ni ya milango wazi. Ya milango imefungwa umeangalia?

#33 Kochi la Kati
Nimezima CEC nikafunga milango yote na gemu ikawashwa. Ikajizima tena, nikafungua mlango haraka, ilikuwa inapepesa. Juu ya risiva hapashikiki.

#34 Ohm Nane
Namba 2 iko palepale.

#35 Besi Nzito
Kupepesa ni joto AU shoti, umesema mwenyewe. Spika zako ohm ngapi? Inayofanya kazi kupita kiasi ndiyo inayopata joto kupita kiasi, mlango unamalizia tu.

#36 Kochi la Kati
Nyuma ya spika za mbele imeandikwa 4. Risiva imeandikwa 6 mpaka 16.

#37 Nyuzi Arobaini
Daah. Kwa hiyo wote mko sahihi?

#38 Ohm Nane
Hapana. Ohm 4 kwa sauti ya sebuleni ikiwa na hewa zinavumilika, wengi wanaishi hivyo. Mlango ndio umeua.

#39 Besi Nzito
Zinavumilika mpaka siku ya sinema ya mabomu. Kuna swichi au menyu ya ohm kwenye risiva nyingine, ukiiweka kwenye 4 inapunguza nguvu ili isipate moto.

#40 Ohm Nane
Hiyo menyu inabana volti tu, risiva inakata kilele cha sauti mapema. Iache palepale 6 au 8, toa milango.

#41 Randa Kavu
Kochi la Kati fundi anasubiri. Chukua ya Mama Rimoti, fremu ya mbao na kitambaa cha spika, ila mwambie fundi kitambaa akivute kwenye fremu ya ndani inayotoka kwa sumaku ili kifuliwe. Tundu la waya nyuma milimita 60, plagi ya HDMI inapita na ya umeme ya pini tatu inapita pia ukiilaza vizuri. Moja kwa kila chumba cha kabati, sio moja la wote. Na usibane waya za spika pamoja na waya wa umeme kwenye mkanda mmoja.

#42 Kochi la Kati
Nimemtumia fundi: 150, 60, kina 50, vyumba vitatu, cha risiva hakina mgongo, kitambaa mbele. Mwenzangu kakubali kitambaa ila anataka cheusi. Feni bado hatujaelewana.

#43 Mlango Kimya
Iingize ndani na kichujio.

#44 Nyuzi Arobaini
Itoe nje.

#45 Tundu la Panya
Sasa na mimi jamani. Sabufa nimeitoa nje ya kabati, mngurumo umepungua ila upo, hasa kwenye besi za chini.

#46 Mzee wa Santuri
Piga wimbo wenye besi ndefu isiyokatika, halafu pita na kiganja ukibonyeza kitu kimoja kimoja, mlango, kioo, bawaba, ubao wa nyuma, hata vifuniko vya deki. Ukibonyeza kinachounguruma kitanyamaza. Mara nyingi ni kioo cha mlango kimelegea kwenye fremu au ubao wa nyuma uliopigiliwa misumari michache. Kipande cha felti kwenye kioo, skrubu kwenye ubao.

#47 Tundu la Panya
Nimepita na kiganja kabati zima. Ni ile fremu ya picha iliyo ukutani juu ya TV.